Mama Pasi na Kanzu za Waridi

Mama Pasi hakuzaliwa na pasi mkononi, ingawa wapo wanaoapa kwamba mkunga aliyempokea aliungua vidole. Alizaliwa kama watu wengine, akanyimwa shule kama wasichana wengi wa rika lake, akaolewa na fundi viatu asiye na maneno mengi, akazaa watoto ambao leo hii wana vipara. Pasi ilimjia ukubwani, urithi wa shangazi yake: pasi ya makaa, chuma kitupu, yenye kijogoo cha shaba juu ya komeo lake. Ilikuwa nzito pasi ile, asikwambie mtu. Mwizi aliwahi kuiiba, akafika nayo njia panda, akarudi mwenyewe kuomba asaidiwe kuitua. Fundi viatu alikuwepo siku hiyo na hajakanusha, ila ni kweli pia kwamba fundi viatu hakanushi kitu.

Dobi lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la nyaya na balbu. Mlango wa mbele ulitazama barabara; wa nyuma ulitokea uani penye bomba, karai kubwa na kamba za kuanikia. Upande huu wa barabara palikuwa na kanisa, upande ule msikiti, na dobi likakaa katikati kama ulimi kati ya meno.

Uani hapo ndipo alipotawala Bi Povu. Huyo alikuwa mjane, Mwislamu, mkubwa kidogo kwa umri, mwenye mikono ambayo ikikaa kavu kwa muda mrefu huanza kumuuma. Walijuana kwenye foleni ya bomba, kila mmoja dobi kivyake na kila mmoja akiharibu kivyake. Mama Pasi alikuwa anafua nguo zinatoka na ramani. Bi Povu alikuwa anapiga pasi kola za watu mpaka zinanuka kama mahindi ya kuchoma. Siku moja wakachekana, wakanuniana, kisha wakagawana kazi: maji ya Bi Povu, moto wa Mama Pasi.

Mifuko nayo ilikwenda kwa Bi Povu. Hakuna nguo iliyoona maji kabla hajaigeuza mifuko nje. Alichokikuta, kitana, ufunguo, kidonge cha kichwa, alikitia kwenye kopo la maziwa walilolibatiza kopo la sahau, mwenyewe akija apewe. Jino la dhahabu lilikaa humo miaka, maana mwenye nalo aliona haya kueleza lilifikaje mfukoni. Mama Pasi hakuwahi hata siku moja kutia mkono kwenye mfuko wa mtu. Haikuwa kazi yake.

Na dini zao zilikaa hivyohivyo, kila moja na zamu yake. Bi Povu akienda kuswali nyuma ya pazia, Mama Pasi alipunguza sauti ya tenzi zake zikabaki kama nzi ndani ya chupa. Jumapili, Mama Pasi akiwa kanisani kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, Bi Povu alikaa na ile pasi, akiichochea makaa yasizime, ili mwenzake akirudi akute moto uko tayari kwa mashati ya Jumatatu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka alipokuja mwinjilisti mpya.

Alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti iliyofika nyumbani kwa watu kabla yake. Jumapili ya kwanza alisimama akasema, "Kila mmoja wenu ana jirani anayetembea kuelekea shimoni, nanyi mnamwambia habari za asubuhi."

Maneno yale yalimwingia Mama Pasi kama cheche kwenye pamba. Wengine walijipepea, wakawaza chakula cha mchana. Yeye alimwaza Bi Povu, ambaye saa ileile alikuwa amechuchumaa mbele ya kijogoo cha shaba, anapuliza makaa yasiyo yake.

Jioni hakula. Mumewe, aliyekuwa anashona soli mlangoni, akamtazama.

"Bi Povu atachomwa moto," Mama Pasi akasema.

"Na pasi?"

"Moto wa milele, baba. Amesema mtumishi."

Fundi viatu akagonga msumari. "Anamfahamu Bi Povu?"

"Hamfahamu."

"Mimi namfahamu. Wakimpeleka huko atapafua, na moto wenyewe utazimika."

Mama Pasi hakucheka. Alikuwa anaamini mbingu kama anavyoamini barabara iliyo mbele ya mlango wake, na kwa maisha yake yote alikuwa ameiona mbingu hiyo imejaa watu waliovaa nguo nyeupe. Sasa ndipo alipojiuliza nguo hizo nani atazifua, ikiwa Bi Povu hatakuwepo. Alijaribu kwa macho ya moyo wake kuona uani kule juu, na karai, na mtu mwingine ameliinamia. Akakataa. Kukaa umilele mzima na dobi asiyemjua, hapana.

Kesho yake alikusudia kusema. Alisubiri mpaka Bi Povu akamue shuka la mwisho.

"Dada."

"Naam."

"Hivi wewe, unaonaje habari ya..."

Bi Povu akageuka, povu mpaka viwikoni, uso umetulia kama beseni la maji. Mama Pasi akaona miaka yote waliyokaa pamoja imesimama pale mlangoni, imevaa viatu, tayari kuondoka.

"Habari ya hii sabuni mpya," akamalizia.

"Inachubua," Bi Povu akasema, akarudi kwenye shuka lake.

Ikawa hivyo kila siku. Sabuni ile ilizungumzwa mpaka ingekuwa na masikio ingejiuzulu.

Mwinjilisti alipopita dobini kuchukua shati lake, Mama Pasi alimweleza kwa kunong'ona kwamba mdomo wake umefungwa. Kijana akatazama rundo la kanzu mezani, nyeupe, zimenyooshwa mpaka zinakata. Karibu wanaume wote wa msikiti walifuliwa nguo hapo.

"Kwani lazima useme, mama?" akasema. "Mifuko mingapi inapita mikononi mwako kwa wiki?"

Siku ya pili akamletea furushi la vipeperushi vya Injili, vidogo, vimekunjwa vizuri, majalada yake mekundu kama pilipili. Akamwambia pia kwamba Jumapili ya Mavuno ya Roho, kila aliyemfikia mtu wa dini nyingine atasimama mbele, kanisa zima limwone. Mama Pasi alikuwa hajawahi kuitwa mbele. Mbele huitwa wasomaji. Yeye alikuwa akipita huko Jumamosi tu, kuchukua vitambaa vya meza ya Bwana akavipige pasi.

Akaanza na kanzu ya imamu. Kwa kuwa hakujua kusoma, alichagua kwa picha. Akaangalia hii, akaangalia ile, mwisho akamtilia imamu yenye mtu aliyelala njiani na mwingine anayempandisha juu ya punda, maana punda alichorwa vizuri. Mwadhini akapata mashua. Mwalimu wa madrasa akapata kondoo. Bi Povu, ambaye ndiye aliyezipeleka nguo kwa wenyewe, akalibeba furushi kichwani, akavuka barabara anaimba. Mama Pasi alisimama mlangoni akimwangalia. Alijiambia kuwa neno likienda msikitini litarudi kwa mzunguko mpaka kwa Bi Povu, na yeye hatakuwa amelitamka.

Wiki zikapita. Hakuna aliyeokoka, hakuna aliyelalamika. Mwinjilisti akasema mbegu iko ardhini. Mama Pasi akaendelea kupanda.

Kisha binti wa Bi Povu akajifungua, na Bi Povu akaenda kumwogesha mjukuu.

"Nitarudi Ijumaa asubuhi," alisema. "Kanzu zote nimeshafua, ni pasi tu. Usijaribu karai langu."

"Nilijaribie nini?"

Alhamisi mchana Mama Pasi alikuwa amemaliza. Kanzu za msikiti mzima zilikuwa zimekunjwa mezani, na kila mfuko una kikaratasi chake chekundu. Akanyoosha mkono kuchukua khanga ya kufunikia, kiwiko kikaigusa pasi. Pasi ile ambayo mwizi alishindwa kuitua ilianguka ubavu kama mbuzi aliyekufa, komeo likafunguka, na jivu lote la asubuhi likamwagika juu ya kanzu.

Mtu mwingine angekaa chini akalia. Mama Pasi alikuwa mtu wa moto, na mtu wa moto hangoji. Alikung'uta makaa kwa mikono mitupu, akashukuru hakuna kilichoungua, akachemsha maji pipa zima, akazizamisha kanzu zote kwenye karai la Bi Povu kwa pamoja, akatia sabuni, akazifunika zilowe. Mifuko hakuigeuza. Wala haikumjia akilini. Toka lini yeye akageuza mifuko?

Alipofunua, karai lilikuwa na rangi ya ulimi wa mtoto.

Ijumaa asubuhi Bi Povu aliingia uani, bado na harufu ya mtoto mchanga, akasimama. Kamba zote zilikuwa na kanzu, na kanzu zote zilikuwa za waridi. Waliokuwepo wanasema ndege wawili warefu wa ziwani, wale wa waridi, walitua ukutani wakidhani wamekuta ndugu zao. Mama Pasi alikuwa amekaa juu ya karai lililopinduliwa, mikono magotini.

Bi Povu akaenda kwenye kamba ya kwanza, akatia vidole mfukoni, akatoa uji mwekundu wa karatasi. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu. Akafika mwisho wa kamba.

"Hukukagua mifuko."

"Mifuko si kazi yangu."

"Kuitilia vitu ndiyo kazi yako?"

Mama Pasi akainua kichwa. Bi Povu akaingia ndani, akatoka na kopo la sahau, akalimimina juu ya jiwe la kufulia. Vilitoka vitana, funguo, lile jino, na chini ya vyote, vimepangwa safi, vipeperushi vyekundu. Mashua, kondoo, punda. Vyote.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu cha kwanza. Mimi nikishika nguo nashika mfuko, mwenzangu, hata iwe imeshanyooshwa. Mkono umezoea. Nilikuwa navitoa hapo nje, kabla sijavuka barabara."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Bi Povu akakaa kwenye ukingo wa bomba. Sauti yake haikupanda. "Miaka yote hii tunasemezana mpaka habari za kuvimbiwa. Umenieleza jipu la mumeo lilipo, nami sikuuliza. Hili moja ukalipitisha kwenye mifuko ya wanaume. Uliogopa nini?"

"Niliogopa utaondoka."

"Na kama ungenyamaza?"

"Basi ningekukosa mbinguni." Mama Pasi akajifuta pua kwa upande wa mkono. "Sitaki kukaa huko na dobi mwingine."

Bi Povu akachukua kipeperushi cha punda.

"Nilivisoma vyote. Kimoja kina matusi, nilikiweka chini kabisa. Hiki nilikipenda. Mtu kapigwa na wanyang'anyi, watu wa dini yake wamempita, huyu wa dini nyingine kamwinua, kamfunga vidonda, kampeleka pa kulala. Nikasoma mpaka mwisho, nikageuza nyuma. Hakuna mahali alipomtilia karatasi mfukoni."

"Alikuwa hana mfuko. Walimvua nguo."

Bi Povu akajaribu kukaza uso, ukamshinda. Walicheka mpaka kamba ikatikisika. Lakini cheko lilipokwisha kanzu zilikuwa bado za waridi, na swala ya Ijumaa ilikuwa inakuja.

Wakaingia kazini. Dawa ya madoa, ndimu, jua, buluu kidogo, suuza, rudia. Bi Povu alizisugua kanzu zile kama anayewatoa watu usingizini, na Mama Pasi akazikausha kwa pasi moja kwa moja kutoka majini, mvuke ukajaa chumba hata mwenye duka la balbu akapiga hodi kuuliza kama kunaungua. Nyingi zilirudi nyeupe, weupe wa kusingiziwa, wa kutazamwa kwa mbali. Ya imamu iligoma. Ilikuwa pamba nzito, imekunywa na kushiba.

Bi Povu akajifunga ushungi, akanyoosha mikono apewe furushi. "Lete. Nitasema mikono inayofua ni yangu, na maji ni yangu."

Mama Pasi aliielewa ile huruma, na akaona mwisho wake. Kule ng'ambo Bi Povu ataitwa mwanamke aliyewaharibia kanzu siku ya Ijumaa, kwenye msikiti wake mwenyewe, na watu wake mwenyewe. Atarudi na kusema, "Si neno." Na uani hapatakuwa tena na kicheko.

"Rudi kwenye karai lako," akasema, akajitwika furushi.

Imamu alikuwa amekaa kwenye kibaraza, na shati la ndani, anangoja nguo. Alikuwa mzee mpole mwenye nyusi za kutisha.

"Imamu, shikamoo. Nimeharibu kanzu yako."

"Marahaba, mama. Imeungua?"

"Afadhali ingeungua." Akaikunjua.

Imamu akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Mama Pasi akamweleza yote, vikaratasi, jivu, maji ya moto, na kwamba Bi Povu hakutia wala hakujua siku ile, alikuwa kwa mjukuu.

"Karatasi zenyewe zilisemaje?"

"Sijui kusoma."

"Umeniletea ujumbe ambao hata wewe hujausoma."

"Nilichagua kwa picha. Wewe nilikutilia punda."

"Punda."

"Ni punda mzuri, imamu."

Nyusi zile zikapanda, zikashuka. "Nimeudhika, mama, sitakuficha. Kanzu ni kitambaa. Lakini nilikuwa nakuachia nguo zangu nikiwa na amani. Ungekuja hapa ukasema, 'Mzee, nina neno la dini yangu,' ningekupa kiti, nikakusikiliza, na tungebishana. Mimi nina maneno yangu pia ya kukuambia. Sijawahi kuyatia kwenye pasi yako."

Mama Pasi akasema, "Nisamehe."

"Nimeshasamehe. Zile nyingine zangu ziko wapi?"

"Zote ziko dobini, imamu. Mbichi, hatukuwahi kuzipiga pasi."

Basi Ijumaa ile imamu aliswalisha na kanzu ya waridi. Hakueleza, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mpaka alipomaliza. Mwalimu wa madrasa aliposikia habari yenyewe alihamisha nguo zake siku hiyohiyo kwa dobi mwingine na hajarudi, na hilo ni haki yake. Mwadhini alinuna mwezi mzima, kisha akarudi, maana yule dobi mwingine alimrudishia kanzu yake na kola ya mtu mwingine.

Habari hazina mlango. Zilimfikia mwinjilisti zikiwa zimevaa vizuri zaidi kuliko zilivyoondoka: kwamba neno limeingia msikitini, limemvika imamu rangi ya damu ya Mwanakondoo. Jumapili ya Mavuno, kijana alimwita Mama Pasi kwa furaha ya kweli. Watu wakageuka kulitazama benchi la nyuma.

Akatembea. Safari ile kutoka mlangoni hadi mbele aliitamani tangu ujana, na sasa alipofika aliona kitambaa cha meza alichokipiga pasi jana kina mkunjo. Akaunyoosha kwa kiganja. Kisha akageuka.

"Niliambiwa nipande mbegu," akasema. "Nimewaharibia watu nguo. Imamu alivaa ile kanzu kwa kuwa hakuwa na nyingine, msimsingizie. Na niliyetakiwa kumleta sikumleta. Yuko dobini anachochea makaa yangu. Kila Jumapili nikiwa hapa, yeye ndiye anayeniwezesha kuwa hapa. Nami nilimzunguka kwa mlango wa nyuma." Akajifunga khanga upya. "Naamini ninachoamini, sijageuka. Nataka siku moja awe nami. Lakini anayetaka kumwambia habari za Yesu, mlango wetu wa mbele uko wazi. Agonge, atapewa kiti. Na aje na masikio, maana naye atasema."

Akarudi kwenye benchi lake. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amesinzia akasema amina kwa mazoea, na wengine, kwa kuwa hawakujua la kufanya, wakaitikia.

Mwinjilisti alikuwa amekasirika, na alipokasirika alionekana mdogo. Lakini Jumatatu aligonga mlango wa mbele. Alipewa kiti. Bi Povu aliacha karai, akafuta mikono, akamwambia, "Haya mwanangu, sema," na wakasemezana habari za manabii mpaka chai ikapoa. Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Hakuna aliyemshinda mwenzake mpaka leo, ila mashati ya yule kijana ndiyo meupe kuliko ya wachungaji wote, na siku hizi kabla ya kuhubiri habari za jirani huwa anaanza kwa kumtaja jirani mwenyewe anaishije.

Jioni ya Jumatatu ile ya kwanza, alipokwisha kuondoka, Bi Povu alileta vipeperushi kutoka kwenye kopo, vimefungwa kwa uzi.

"Vya sahau hupewa mwenyewe. Mwenyewe amejulikana."

"Nivifanyie nini?"

"Wape watu mkononi, mchana. Asiyetaka atakurudishia. Kile cha punda nimebaki nacho, nampelekea binti yangu akamsimulie mtoto."

Mama Pasi akavipokea. Alisita na vile vikaratasi mkononi.

"Dada, mimi nakuombea kila siku. Bora nikwambie. Naomba uje upande wangu."

"Najua. Na mimi nakuombea," Bi Povu akasema. "Naomba uje wangu. Tuone nani atajibiwa kwanza."

Akavuta rundo la nguo za Jumanne, akaketi, akaanza kugeuza mifuko. Mama Pasi akasogeza kigoda, akakaa kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi, akachukua suruali moja na kutia mkono mfukoni kutoa kilichomo.

"Geuza mpaka kwenye pembe," Bi Povu akamwambia. "Vitu hujificha pembeni."